Kura Ambayo Kaka Hakuipiga

Kwanza ninaomba msamaha. Mwandiko wangu si mzuri, na maneno mengine nitakuwa nimeyaandika vibaya, kwa sababu shule yangu iliishia darasa la sita na tangu hapo sikupata mtu wa kunisahihisha. Tena ninaandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia asubuhi nzima. Mama husema kama ningekuwa ninasuka mkeka, watu wangekuwa wameshaulalia na umeshachakaa. Lakini kabla hamjanicheka, nitawaambia jambo moja: mwandiko huu huu, wenye herufi za kukaa mbalimbali kama watu waliogombana, umefika mbele ya jaji kule Amerika. Ndiyo maana nimeamua kuandika yote, hata kama nitamaliza msimu mzima wa mvua.

Ninakaa Uvira, mji wa mpakani na Burundi, upande wa Kimanga. Asubuhi mimi na mama tunaanika ndagala, wale samaki wadogo, kwenye mchanga kando ya ziwa, na mchana tunawauza. Jioni ninakwenda kilabu. Si kilabu cha pombe. Ni cha kusikiliza redio. Tunakutana watu kama kumi na tano kwenye baraza ya fundi mmoja wa kushona, mzee wa makamo mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku ya kanisa. Tunasikiliza habari za Kiswahili zinazotoka ng'ambo, halafu tunazibishania mpaka giza litutawanye. Ukutani kuna ubao mweusi. Habari kubwa za siku zinaandikwa hapo kwa chaki, ili wapita njia wasio na redio nao wasome.

Kazi ya ubao niliipata kwa sababu ya siasa, tena siasa ya watu wengine. Waamerika walikuwa wanajiandaa kuchagua rais, na kilabu chetu kikapasuka katikati. Wao wana vyama viwili vikubwa: kimoja alama yake ni tembo, kingine ni punda. Fundi alikuwa tembo. Alimpenda mgombea wa tembo kwa sababu, alisema, anaongea kama mwanaume mwenye nyumba yake: nchi yangu kwanza, wengine baadaye. Upande wa punda uliongozwa na mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese hapo kwenye kona, mwenye sauti inayoweza kufika Burundi bila simu. Hawa wawili walikuwa marafiki wa zamani. Kila jioni walitukanana kwa furaha kubwa, na sisi wengine tulikuja mapema ili tusikose mwanzo.

Mwandishi wa ubao wakati huo alikuwa kijana wa sekondari, mtu wa punda. Habari za punda aliziandika kwa herufi kubwa kama za duka. Za tembo aliziweka chini kabisa, ndogo kama mayai ya chawa. Fundi akamfukuza. Akaja mwingine, mtu wa tembo, akafanya vilevile kwa kugeuza, na mama wa mawese akaufuta ubao kwa kitenge chake mbele ya watu. Ubao ukabaki mtupu siku kadhaa, mpaka mtu mmoja akasema watafute mwandishi asiye na mdomo. Wote wakanigeukia.

Ni kweli, nina haya. Tangu utoto, nikiwa mbele ya watu wengi maneno yananikwama kooni kama mwiba wa samaki. Katika kilabu sikuwa nimewahi kusema neno zaidi ya salamu. Walidhani sina chama. Nilikuwa nacho, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Huyu hata ukimukanyaga kidole, hatalia, atakuandikia barua," fundi alisema. Watu wakacheka, nikapewa chaki.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea. Nilichukua rula ya mbao ya fundi, nikachora mistari, na herufi zote nikazifanya za kimo kimoja, za tembo na za punda. Kwa kuwa ninaandika polepole, watu walisimama nyuma yangu wakikisia neno litakalokuja. Nikiandika RAIS A, upande mmoja walisema "ameshinda", upande mwingine "ameumbuka". Walipiga makofi neno likitokea. Wapita njia walisimama na mizigo yao kichwani kungoja sentensi iishe. Sijawahi kuona watu wakingojea kitu changu namna hiyo.

Sasa niwaambie juu ya kaka yangu mkubwa. Huku kwetu mkubwa wako unamwita yaya, na mimi ndivyo ninavyomwita. Alivuka kwenda Burundi mwaka mmoja wa vita, akakaa kambini miaka mingi, akaoa hukohuko, na mwishowe yeye na mke wake wakaitwa Amerika kama wakimbizi. Anafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Kilabu kilipojua, nilipata heshima ambayo sikuitafuta. Kulikuwa na vilabu vingine vya redio pale mjini, lakini hakuna kilichokuwa na mtu wake kulekule. Wakaanza kusema "kura yetu". Fundi akasema kura yetu ni ya tembo, maana mtu anayekata nyama anapenda mambo ya nguvu. Mama wa mawese akasema ni ya punda, maana mkimbizi hawezi kumchagua mtu asiyependa wakimbizi. Wiki ile ya uchaguzi wakanituma nimuulize kaka mwenyewe.

Jibu lake nililisikiliza peke yangu, nimechuchumaa kando ya ndagala, simu sikioni.

"Dada, minye sipige kura huku," alisema. "Siyo raia wa hapa. Hata karatasi yangu ya kukaa siku zote ingali njiani. Mwenye hayuko raia akipiga kura ni kosa kubwa. Banamufunga, banamurudisha kwabo. Ambia bale bazee basikilize tu redio."

Nilicheka, nikaenda kuwaambia. Nilipofika barazani niliwakuta wameshagawana viti, tembo kulia, punda kushoto, na kura ya kaka imewekwa katikati kama mpira. Sijui niwaelezeje furaha iliyokuwapo pale. Mvuvi mmoja mzee alikuwa anacheza ngoma peke yake. Fundi akaniuliza kama kaka amejibu. Nikaitikia kwa kichwa. Nikafungua mdomo, na mwiba ukakaa mahali pake. Mama wa mawese akanionea huruma, akasema kura ni siri, msimsumbue mtoto wa watu. Basi kila upande ukakisoma kichwa changu kwa namna yake. Nikashika chaki. Nilijiambia nitawaambia kesho.

Kesho yake tembo akashinda, na katika kelele zile hakuna aliyenihitaji isipokuwa kwa kuandika.

Miezi iliyofuata ubao wangu haukupumzika. Rais mpya ametuma askari katika miji inayoongozwa na watu wa punda. Amefukuza watumishi wa serikali. Amekasirikia majaji. Watu wa serikali waliofunika nyuso wanakamata wageni njiani. Jioni moja tuliposikia habari hiyo ya nyuso, mvuvi mzee alisema watu wa namna hiyo anawajua, ila hakujua kama Amerika nao wanao. Fundi akasema mwenye nyumba iko na haki ya kufunga mlango wake.

"Na siku tulivuka mupaka wa Kavimvira na magodoro kichwani," mama wa mawese alimwuliza, "Barundi bangefunga mulango wao, weye ungeshonea wapi leo?"

"Barundi ni bajirani."

"Mwenye kukufungulia ndiye jirani. Kaa na sindano yako."

Lakini ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya jaji. Redio ilisema kule jaji anaweza kumwambia Rais hapana. Fundi alicheka mpaka akatoa pini mdomoni. Aliuliza: jaji huyo anakula mezani pa nani? Hapo hata mama wa mawese alimuunga mkono. Katika jambo hilo tembo na punda tulikuwa chama kimoja. Hatukuamini.

Mimi niliandika yote hayo kwa herufi za kimo kimoja. Niliyaandika kama mtu anayeandika habari za mwezini.

Halafu ikaja asubuhi moja, ninageuza ndagala, simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka. Alisema kaka alikuwa ametoka kazini, anaelekea garini, watu watatu waliofunika nyuso wakamzunguka. Hawakuonyesha karatasi. Walimtia katika gari lisilo na alama ya serikali, na chakula chake cha mchana kikabaki chini. Karatasi yake ya kukaa, ile iliyokuwa njiani, ilikuwa bado njiani, na hilo ndilo walilomshikia. Jaji angemsikiliza kesho kutwa. Akishindwa, wangempandisha ndege. Avoka wake, yaani wakili, alikuwa anaomba barua kutoka kwa watu waliomjua tangu utoto, waseme ni mtu wa namna gani. Ziandikwe kwa lugha yetu, mtu wa kutafsiri yupo kule. Ila ziwe za kweli, na zifike kabla ya kesho jioni.

Niliposimulia, mama hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Wamempa chakula?" Kwetu mtu akiwa kasho, yaani mahabusu, jamaa zake ndio wanaompelekea sahani. Mama alikuwa anatafuta njia ya kufikisha sahani Amerika. Nyuma yetu kunguru walikuwa wanakula ndagala, na hatukuwafukuza.

Nilikimbia kilabu. Ilikuwa kabla ya saa ya redio, lakini watu wanane walikuwapo tayari, fundi akiwa kwenye cherehani. Nilitaka kusema. Sikuweza. Basi nikaokota chaki, nikaanza kuandika kama kila siku, na wao wakasogea nyuma yangu kukisia.

WATU WA SERIKALI YA AMERIKA WAMEMKAMATA

"Mukubwa wa punda," alisema mmoja, na upande wa tembo wakaanza kuchekelea.

K

"Kanali," mwingine alisema. "Bamekamata kanali."

KAKA

Kicheko kikapungua. Chaki ikakatika, nikaokota kipande.

YANGU

Cherehani ikasimama. Hakuna aliyepiga makofi.

Nilivyowajua watu wale kwa maneno mengi, sikujua kama wanaweza kufanya kazi. Mama wa mawese alifunga kibanda chake saa ya wateja. Fundi alifagia vitambaa vyote mezani. Wakasema tutafanya atestasio. Hiyo ni karatasi tunayoizoea: mtu akikamatwa, au akitafuta kazi, shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, anaandika kwamba huyu ni mtu wa mwenendo mwema, majirani wanaweka vidole, muhuri unapigwa. Siku hiyo hapakuwa na umeme, kwa hiyo kompyuta ya kuandikia barua haikufanya kazi. Mwandiko ungekuwa wangu. Mtu akatumwa kumwita shefu, nami nikaketi na karatasi safi na kalamu ya bluu.

Kila mmoja alisema alichokijua. Mvuvi mzee alisema kaka alimrudishia wavu uliochukuliwa na maji, na hakuomba hata samaki mmoja. Mama wa mawese alisema kaka alimbeba bibi kizee mmoja mgonjwa mgongoni mpaka hospitali, watu wakidhani amebeba gunia. Mwingine alisema hakunywa pombe kamwe. Wakatazamana. Mvuvi akasema alikunywa kidogo, siku ya harusi ya binamu yake, tuseme ukweli. Wakabishana kama harusi inahesabiwa. Nikaandika: alikunywa harusini.

Halafu fundi akasimama, akaweka mkono juu ya meza.

"Sasa tuandike jambo kubwa," alisema. "Kwetu hapa, ukitaka mutu wako atoke kasho, unaonyesha kwanza kama ni mutu wa chama cha mukubwa. Jaji ni wa serikali, serikali ni ya tembo. Andika: huyu ni mufuasi wa Rais, alimupigia kura yake."

Watu wote wakamtazama mama wa mawese. Kura ile alikuwa ameipigania miezi na miezi. Aliitetea hata siku alipokuwa na malaria. Alishusha pumzi.

"Kama inamutoa, muikamate," alisema. "Nilisema ni ya punda. Leo ninaiachilia. Andika ni ya tembo."

Wakapiga makofi. Fundi alimshika mkono, na nadhani macho yake yalikuwa na maji. Tembo na punda walikuwa kitu kimoja kwa mara ya kwanza, na kilichowaunganisha ni neno moja ambalo mimi peke yangu nilijua litampandisha kaka ndege.

Niliinama juu ya karatasi. Sikuandika. Niliacha mstari mmoja mtupu, nikaendelea chini yake na habari za uniforme, yaani sare, ya shule na za kanisani. Nilifikiri hawataona. Nilifikiri kwa mara moja katika maisha yangu kunyamaza kutasaidia.

Shefu wa kartiye alifika jua likianza kushuka upande wa milima. Muhuri wake anautembeza mfukoni mwa koti, umefungwa katika leso nyeupe. Ni mtu wa taratibu: hapigi muhuri kabla ya kusoma barua yote kwa sauti. Alisoma vizuri, akisimama kwenye kila nukta, na watu waliitikia kama kanisani. Akafika katikati, akanyamaza. Akageuza karatasi kwenye mwanga.

"Hapa pana nafasi," alisema. "Minye sipige muhuri kwenye nafasi. Kesho mutu anaweza kuingiza kitu chake hapo. Muijaze."

Fundi aliniambia nimesahau ile ya kura, niiandike upesi. Akaisema tena, polepole, kama unavyomsomea mtoto imla. Kalamu ilikuwa mkononi. Mwiba ulikuwa kooni. Niliona gari lile, niliona chakula cha kaka kimeanguka chini, na nikaona kwamba nikiandika sitaonekana mkosaji kwa mtu yeyote pale, milele.

"Hakupiga," nilisema.

Mama wa mawese akaniambia nipandishe sauti.

"Yaya hakupiga kura. Siyo raia kule. Mwenye hayuko raia akipiga, banamufunga na banamurudisha. Tukiandika alipiga, sisi ndio tutakuwa tumemufunga."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

Mama wa mawese aliuliza tangu lini ninajua. Nikasema tangu wiki ya uchaguzi. Nikawaeleza juu ya ujumbe wa kaka, na kichwa changu nilichokitikisa, na kesho ambayo haikufika.

Fundi aliketi kwenye kiti cha cherehani. "Kwa hiyo siku hizi zote," alisema, "minye na huyu mama tulikuwa tunapigania..."

"Upepo," mama wa mawese alimmalizia, na akaanza kucheka. Alicheka akishika tumbo, na mvuvi mzee akamfuata, na hata shefu akaficha mdomo kwa ile leso. Lakini fundi hakucheka.

"Ungetuacha tuue mutoto wa watu na kalamu," aliniambia. "Ukimya wako huo. Tulikuchagulia huo, na tulikosea."

Alikuwa na haki. Sikujitetea. Nilimuuliza tu tuweke nini katika nafasi ile, maana jua lilikuwa linaondoka.

Alifikiri. Alivua ule utepe wa kupimia shingoni, akauzungusha mkononi.

"Andika," alisema. "Minye fundi wa kushona ni mufuasi wa Rais wenu. Ninapenda maneno yake ya nchi kwanza. Huyu mutoto nilimushonea uniforme yake ya kwanza ya shule, ninajua kipimo chake tangu mudogo. Hayuko mutu mubaya. Mumuachilie arudi kwa muke wake."

Mama wa mawese akawasha simu yake. Alisogeza taa ya simu karibu na mkono wangu ili nione.

Ilinibidi kubana herufi, kwa sababu nafasi ilikuwa ya mstari mmoja na maneno yalikuwa ya mistari mitatu. Ilitosha. Shefu akasoma tena toka juu mpaka chini, akapiga muhuri, na watu wakachovya vidole katika wino wake mmoja mmoja, mama yangu, aliyekuwa ametufuata barazani, akiwa wa kwanza. Mama wa mawese alikuwa na mafuta kidoleni, alama yake ikatoka kama ua. Tulipiga picha karatasi, tukakimbia wote mpaka pale karibu na maji ambapo mtandao una nguvu ya kutuma picha, kama msafara wa harusi. Nilibonyeza. Tukangoja zitokee zile alama mbili za kuonyesha kwamba ujumbe umefika. Zilipotokea, mvuvi mzee alirusha kofia yake juu, ikaanguka ziwani.

Siku ya kesi shemeji alitupigia mapema. Usiku, bila kumwambia avoka, walikuwa wamempandisha kaka ndege ndogo na kumpeleka jimbo jingine, mbali sana na nyumbani kwake. Fundi aliposikia, alisema hiyo ni mambo ya huku kabisa, na nilijua inamuuma. Hata hivyo jaji alikubali kumsikiliza kupitia kioo cha kompyuta, kwa saa zetu saa kumi na moja jioni. Redio haikufunguliwa siku hiyo. Simu yangu iliwekwa juu ya cherehani, na watu wakajaa mpaka barabarani, hata wale wa vilabu vingine. Saa kumi na mbili ilipita. Mama alikuwa ameshika sahani tupu, sijui kwa nini aliibeba kutoka nyumbani.

Ujumbe ulipoingia, nilisoma kwa sauti. Mimi. Jaji amesema hakuna sababu ya kumshika. Amesema aachiliwe.

Kelele zile sitaziandika, hakuna herufi zake. Lakini mama wa mawese aliinua mkono, akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: jaji amesema, je, serikali imesikia?

Siku ya kwanza kaka alikuwa bado ndani. Siku ya pili pia. Watu wa serikali walisema karatasi ya kumwachilia inatafutwa. Kilabu kilijaa kutoka asubuhi, watu wakibishana kama mtu mwenye bunduki anaweza kumtii mtu mwenye kalamu. Fundi hakubishana. Alishona koti moja siku zote mbili, na mkono wa koti aliushona ukitazama nyuma.

Siku ya tatu, mchana, ikaja sauti ya kaka mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa gari na shemeji akiimba. Alisema, "Mama, nimekula." Shemeji alikuwa amemwambia swali la mama, na hilo ndilo alilolijibu kwanza. Halafu akasema kwamba avoka aliinua karatasi yetu mbele ya kioo, na yeye akiwa amekaa kule mbali na pingu mikononi, akautambua mwandiko. "Nikaona zile herufi zako zenye hazipatane," alisema. "Nikajua nyumbani banajua pahali niko."

Nilichukua chaki. Watu wakasogea.

JAJI AMEIAMBIA SERIKALI HAPANA

"Ongeza," fundi alisema. "Serikali imetii. Serikali ya tembo, lakini imetii."

"Na uongeze ilichelewa siku tatu," alisema mama wa mawese. "Na ilimuficha na ndege."

Wakaanza upya, viti kulia, viti kushoto. Niliandika yote mawili, kwa kimo kimoja, na safari hii niliwaambia wanyamaze kwanza nimalize. Wakanyamaza.

Kesi ya kaka haijaisha. Amevishwa kifaa mguuni kinachosema yuko wapi, na ana tarehe nyingine mbele ya jaji. Akitoka kazini anakwenda nyumbani moja kwa moja. Mama bado ananiuliza kila asubuhi kama amekula. Na kilabuni watu wameniuliza hatimaye chama changu ni kipi. Nimewaambia. Hapa sitakiandika, kwa sababu bado ninashika ubao.

Ninawaomba nyinyi mnaosoma mniandikie. Hasa ninyi wa kwetu mlioko kule: mnapita njia gani kwenda kazini, nani anajua mkichelewa kurudi, je, kuna mtu nyumbani anayejua karatasi yenu imefikia wapi? Na nyinyi wa huku, mkiwa mmewahi kumwandikia jaji wa mbali kwa ajili ya mtu wenu, niambieni mliweka maneno gani, maana tarehe ya kaka inakaribia na karatasi nyingine ninayo hapa, bado nyeupe. Mwandiko mbaya si kitu. Andikeni hata polepole. Nitasoma polepole vilevile, mpaka mwisho.